Barua ya wazi kwa wifi yangu anayetaka kumnunulia kaka pete ya Kirumi

Wifi wee, salama huko London na baridi lenu? Picha za pete nimeziona zote, ile ya sarafu ya fedha na ile ya akiki nyekundu yenye mtu kashika mkuki, na swali lako la "ni ya kale kweli?" nakujibu hapahapa hadharani maana wanaouliza ni wengi.

Pete kama hiyo ina umri zaidi ya mmoja. Jiwe linaweza kuwa la Warumi kweli, dhahabu iliyolishika ikawa ya miaka ya 1800, kazi ya masonara wa Roma kama akina Castellani waliokuwa wanaiga mitindo ya kale, halafu juzijuzi mtu kaikata kaiongeza saizi. Hakuna ubaya, mbona Bulgari, wale masonara wakubwa wa Roma, wanaweka sarafu za kale kwenye vito vipya tangu miaka ya 1960 na hawajamficha mtu, shida ni muuzaji anayekupigia bei pete nzima kwa umri wa sarafu. Na hata huo umri si hela wifi, Warumi walipiga sarafu nyingi mno, vishaba vya karne ya 4 mpaka leo vinauzwa bei chee. Tarehe nazo ndo kabisa, zile reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, zilizozagaa Zanzibar na Oman zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa karne ya 20!

Mawe sasa ndo balaa. Prince Poniatowski, mwanamfalme wa Poland, alikuwa na mawe ya kuchongwa kama 2,500, mengine mpaka na saini za mafundi wa Kigiriki, yakaja kupigwa mnada Christie's hukohuko kwenu mwaka 1839, kumbe mengi yamechongwa na mafundi wa Roma wa zama zake mwenyewe, bei ikaanguka. Siku hizi watu wanayatafuta hayohayo kwa sababu kazi ni nzuri. Kuna na Pistrucci, mchongaji wa Kiitaliano, kameo yake (jiwe lenye sura iliyochongwa ikatokeza juu) ya Flora, mungu wa maua, iliuzwa kwa tajiri Payne Knight kama kitu cha kale, Pistrucci akasema jamani hii nimechonga mimi, tajiri hataki kusikia. Ndo huyohuyo aliyechonga Mtakatifu George na joka kwenye pauni ya dhahabu ya 1817. Mimi ningelipia mkono wa Pistrucci bila kuuliza miaka.

Basi ile pete ya sarafu achana nayo, mgongo umezibwa, huoni ukingo wala huwezi kujua uzito wake peke yake. Chukua akiki. Muombe muuzaji aikandamize kwenye plastasini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, akutumie picha, ule ni muhuri, umechongwa kinyume ili utoke sawa, na Warumi waliipenda akiki kwa sababu nta ya muhuri haiishiki. Ukiona viputo ndani kwa lenzi basi ni glasi, Warumi walitengeneza mihuri ya glasi pia ila usilipe bei ya akiki. Na aonyeshe karatasi pete imetoka wapi, hasa kama ilikuwa mikononi mwa watu kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia magendo ya vitu vya kale.

Ila wifi, mungu wa Kirumi kidoleni na swala tano? Bi mkubwa atatutoa roho. Akiki yenyewe haina neno, wazee wetu Unguja wamevaa za Yemen, mtafutie yenye meli au masuke ya ngano, zipo. Saizi pima kwenye ile pete yake ya fedha akiwa bafuni, ukimuuliza tu atashtukia.