Salamu za Kiingereza zina majibu yake

Mhariri,

Wanafunzi wetu hukaririshwa jibu moja tu la salamu ya Kiingereza: "I am fine, thank you." Si kosa, ila haliitikii kila salamu. Anayeulizwa "What's up?" akajibu "Fine" ni sawa na anayesalimiwa "Mambo?" akaitikia "Marahaba". Jibu lake ni "Not much", kisha unarudisha: "You?"

Uingereza utasikia "You all right?" Mgeni hudhani anaonekana mgonjwa, akaanza kueleza mafua yake. Kumbe ni salamu tu, "Yeah, you?" inatosha, hata bila kusimama. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, maana sisi tukishajuliana hali huendelea na habari za nyumbani, watoto na kazi. Mwingereza mnayepishana naye kazini akisema "How are you?" hungoja maneno mawili matatu. Habari ndefu ni za rafiki aliyeketi.

Na walimu wenzangu, tafadhali sahihisheni "Good night". Hiyo ni ya kuagana. Ukiingia ukumbini saa mbili usiku, sema "Good evening".

Mwalimu wa Kiingereza,
Tanga