Kwa wazazi wa Mkomani na Langoni, mitaa yetu ya Lamu

Assalaam alaykum, wanangu.

Juzi mjukuu wangu wa miaka 9 alirudi kutoka skuli na paketi ya kachri, yaani krispi za viazi. Akaketi barazani, akaimaliza, kisha akalamba vidole kimoja kimoja hadi chumvi ikaisha. Halafu akaomba soda. Nikamwuliza asubuhi alikula nini. Mahamri mawili na chai ya sukari nyingi. Na jikoni kwetu maembe yalikuwa yameiva hadi yananukia!

Mimi nameza dawa ya presha mwaka wa 14 huu. Nililojifunza limenitia uchungu: mafuta huanza kujishika kwenye mishipa ya damu tangu utotoni, kimya kimya, na mtu huja kuanguka akiwa mzima mwenye wana.

Soda ya mililita 300 ina vijiko vya chai 8 hivi vya sukari. Nilivihesabu kikombeni mbele ya mjukuu wangu, na alipoona sukari ilivyojaa alinyamaza. Fanyeni na nyinyi. Chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mtoto apate chini ya hapo.

Sitaki mahamri yaondoke majumbani mwetu. Mbaazi ni chakula bora, ila tui liwe jepesi. Muhogo uchemsheni, samaki mchomeni. Na wale mama wanaouza mlangoni mwa skuli msiwalaumu, wao huuza kinachonunuliwa. Mtoto akipewa shilingi 20 aambiwe ni ya ndizi au tikiti, nao wataleta tikiti.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mtoto anahitaji dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku, wa kike sawa na wa kiume. Lakini binti akishavunja ungo twamwambia akae ndani, na kakake yuko uwanjani hadi Magharibi. Moyo wa binti nao wataka kwenda mbio. Mtafutieni ua, acheze nage na kuruka kamba na wenziwe. Na hao wa kiume, mbona mwawapandisha pikipiki kwa safari ya dakika kumi za miguu?

Jumamosi baada ya Alasiri, maji ya bahari yakiwa yamekupwa, nitawachukua wajukuu wangu kwa miguu hadi Shela, kilomita 3 hivi, tukifuata ufuo. Nitabeba maji na tikiti lililokatwa. Nileteeni na wenu, mabinti kwanza.

Bibi yenu, Mkomani