Maji ya Mida na Kinu cha Nyuklia

Ndugu yangu Shee,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, Mama anakusalimu, na ile mikeka Bi Zuhura ameipokea. Kimya kimezidi, lakini leo lazima nikuandikie.

Jana barazani kwa Ami Bakari ubishi ulikuwa mkubwa juu ya kile kinu cha nyuklia kilichotakiwa kujengwa Uyombo, karibu na hori ya Mida. Wazee washikilia kwamba kingelipuka kama bomu la Hiroshima. Nikawaambia hapana: katika urani, madini ambayo ndiyo kuni za vinu vingi vya umeme, ile aina ya 235 inayopasuka upesi ni asilimia 3 hadi 5 tu, haitoshi bomu. Nyutroni, chembe ndogo mno, hupasua kiini cha atomu ya urani, joto hutoka, na nyutroni mbili tatu nyingine huruka kupasua viini vya jirani. Vijiti vya kudhibiti vikishushwa huzimeza nyutroni hizo, mpasuko ukakoma. Joto huchemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme.

Mimi kinachoninyima usingizi ni maji, Shee. Theluthi moja tu ya joto ndiyo hugeuka umeme. Kinu cha megawati 1,000 hutupa joto la megawati 2,000 hivi, na pale lingekwenda baharini. Mida unaijua: maji yakikupwa vijana huchokoa kaa mashimoni kwa vijiti, na vidagaa hujificha kwenye mizizi ya mikoko. Nani alitwambia maji hayo yangepanda joto kiasi gani?

Tena kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Mabaki ya urani iliyopasuka huendelea kutoa joto, mwanzo kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yote. Fukushima, Japani, 2011, vinu vilijizima tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ikazamisha jenereta, pampu za kupoza zikasimama, urani ikayeyuka.

Nyuklia yenyewe siikatai. Dawa wanayochomwa wagonjwa wa saratani ili mifupa ipigwe picha hutokana na vinu, kama kile cha Pelindaba, Afrika Kusini. Ila sasa kinu kinatajwa kwenda Siaya, kando ya Ziwa Victoria; watu hapa wameshusha pumzi, nami nawafikiria wavuvi wa ziwani. Wao nani atawaeleza habari ya joto hili?

Ninyi Lamu mlipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mpaka leseni yake ikafutwa 2019. Ile ripoti ya mazingira nani aliwasomea? Atakubali kuja Malindi? Makaratasi yenu bado mnayo? Na wewe waja lini, kabla ya kusi au baada?

Wako,
Mwanaisha