Chuma cha Kimondo cha Mbozi kilipikwa wapi

Mwanangu mpenzi,

Uliuliza kwa nini Kimondo cha Mbozi ni chuma kwa takriban asilimia 90, wala si shaba au dhahabu. Jibu limo ndani ya nyota kubwa.

Haidrojeni ya kitovuni ikishageuka heliamu yote, kitovu hujikunja, joto hupanda hadi digrii milioni 100 hivi, na heliamu nayo huanza kuungana. Joto lote hilo ni la nini? Protoni, chembe zenye chaji chanya zilizomo ndani ya kiini (moyo wa atomi), husukumana. Kadiri kiini kinavyokuwa na protoni nyingi, ndivyo kinavyohitaji kasi zaidi ili kigusane na mwenzake.

Hapa usipaharakie. Viini viwili vya heliamu vikiungana hutoa berili-8 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini), nayo huvunjika kabla ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kiini cha tatu lazima kiiwahi, ndipo ipatikane kaboni-12. Kaboni ingekuwa haba mno kama isingekuwa na ngazi ya nishati (kiwango maalumu ambacho kiini kinaweza kukishika) ya MeV 7.65, MeV ikiwa kipimo cha nishati ya viini, inayokaribiana sana na nishati ya viini hivyo vinapokutana. Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza, aliitabiri mwaka 1953 kwa sababu kaboni ipo tele; wanafizikia wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, wakapima, wakaikuta. Hoja hiyo naipenda kuliko zote.

Shika kalkuleta. Kwa kipimo cha uzito wa atomi, heliamu ni 4.002603 na kaboni-12 ni 12: 3 × 4.002603 toa 12, unabaki na 0.007809. Uzito huo uliopotea umegeuka nishati, MeV 931.5 kwa kila kipimo kimoja; zidisha kwa 931.5, upate MeV 7.27. Hiyo ndiyo nishati inayotoka kila kaboni moja inapozaliwa.

Kisha mambo hukimbia, kila zao likiwa kuni ya hatua zinazofuata. Katika nyota yenye uzito wa Jua mara 25, kaboni hudumu miaka mia kadhaa, oksijeni miezi, silikoni kama siku moja kwa digrii bilioni 3, maana nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, hutoroka na nishati. Wengi hudhani silikoni mbili hugongana zikawa chuma. Sivyo. Mnururisho wa gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa mno, huvunja baadhi ya viini, na heliamu inayotoka hujibandika kwenye vilivyobaki, hatua kwa hatua, hadi nikeli-56. Hii baadaye hugeuka kobalti, kisha chuma-56.

Hapo tanuri huzimika: kuunganisha zaidi hula nishati badala ya kuitoa. Kitovu huporomoka na nyota hulipuka.

Ila usiandike kwamba kimondo ni kipande cha nyota. Chuma hicho kilitawanyika angani na milipuko ya namna hiyo, kikaingia kwenye vumbi lililozaa Jua na sayari, kikayeyuka na kujitenga na mawe ndani ya gimba dogo lililovunjika baadaye. Kipande kimoja ndicho kilichotua Mbozi.

Baba yako,
Mbeya