Kabla hujauliza bei ya laptopu

"Laptopu ya bei nafuu mnauza shilingi ngapi?" Hapa dukani kwetu Darajani swali hili halipiti siku bila kuulizwa, nasi kwanza huuliza: unakwenda kuifanyia nini?

Juzi alikuja mama mmoja na kijana wake anayesoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Tunguu. Laptopu mpya, nailoni ya kioo haijabanduliwa, na tayari imeganda. Kuitazama, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 4, hifadhi ya mafaili GB 64. Windows na programu chache zimeshaijaza, na hifadhi ya aina ile imelehemiwa kwenye bodi, huwezi kuichomoa ukaweka kubwa. Mama alijinyima miezi kuinunua. Ilituuma sana.

Kwa mwanafunzi, mwalimu wa skuli au karani, sisi tunashauri laptopu ya kiofisi iliyotumika, yenye RAM GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi) ya GB 256. Nyingi zimeundwa imara na zinafunguka, kifaa kikichoka unabadilisha.

Lakini usiridhike ukiambiwa "hii ni i5", yaani jina la prosesa ya Intel, ubongo wa mashine. Taka namba kamili. Katika i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ni kizazi cha 6. I5-8250U ni kizazi cha 8. Kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine mbili zinafanana kwa sura, moja imeshapitwa.

Betri nayo, kwa umeme wetu huu, ikague pale pale dukani. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotoka, kisha linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki. Ikiwa ilikuwa mWh (kipimo cha chaji) 50,000 na sasa inashika 20,000, omba upunguziwe bei au ubadilishiwe betri. Na mulika tochi ya simu kwenye matundu ya USB: ukiona ukijani au kutu, mashine hiyo imekula hewa ya chumvi, iache.

Anayehariri video za harusi hayumo katika hesabu hii. Yeye aanzie RAM GB 16.

Ile ya kijana tumeisafisha, mafaili yake tumeyahamishia kwenye kadi ya kumbukumbu. Inshallah itamfikisha mwisho wa muhula, kisha aje tumtafutie nyengine.