Kartoni ya kijana wa mizani

Lubumbashi, Kamalondo
Jumapili usiku

Ndugu yangu Fiston,

Jambo yako, na jambo ya watu wote wa nyumbani. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, na wewe vilevile, kwa hiyo hakuna wa kumdai mwenzake. Sisi tuko, watoto wamepona, bukari tunakula. Naandika haraka kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi, na nusu ya kosa ni lako.

Unakumbuka programu yetu ya mizani, ile ya depo ya mahindi? Msimu huu wakulima wa njia ya Kasenga walianza kunung'unika kwamba kilo zao zinapungua. Leo ziko sawa, kesho zimepungua. Papa Depo hakuuliza mara mbili: ni yule kijana wa kupima, anainua gunia kwa goti. Akamsimamisha kazi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilijua mashine ikikosea inakosea kila siku, haichagui Jumanne.

Kumbe kijana ana akili. Alikuwa akiandika kila gunia kwa biki kwenye kipande cha kartoni, macho kwenye namba nyekundu za mizani. Akanionyesha: 48,6, 51,3, 49,8, 50,7. Nikafungua kompyuta: 48, 51, 49, 50. Magunia manne tu, kilo mbili na gramu mia nne zimeliwa. Na bei ni ya franka nzima, hesabu inatoka safi, nani angeshtuka?

Tazama tena hiyo kartoni. Kijana anaandika koma, kama tulivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa. Lakini mizani, kwenye waya, inatuma nukta. Ugonjwa wote uko hapo.

Zamani, programu ilipokuwa ya skrini nyeusi, hatukuona kitu. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C ikiamka haijui Kifaransa wala Kiswahili. Inaanza na mpangilio uitwao "C", nukta ni nukta, mpaka yenyewe iite setlocale, amri ya kufuata lugha ya mashine, na sisi hatukuiita kamwe. Halafu kabla ya msimu nikaiongezea madirisha ya kubofya, kwa maktaba ya GTK, ili Ya Mado wa kompyuta apumzike na zile amri za kuandika. Basi gtk_init, amri inayoamsha madirisha hayo, inaita setlocale kwa niaba yako, bila hodi! Inatazama mipangilio ya lugha ya mashine: LC_ALL, isipoikuta, LC_NUMERIC, isipoikuta, LANG. Mashine ya depo ni ya Kifaransa tangu iliponunuliwa. Hapo ile atof yako, inayogeuza maandishi ya mizani kuwa namba (ndiyo, mstari ule ni wako, nimeangalia) ikaanza kungoja koma. Ikikutana na nukta inasimama, inarudisha 48, na haipigi hata kelele.

Sasa, kwa nini siku nyingine ilikuwa sawa? Hapa nilicheka peke yangu, hata kama si jambo la kucheka. Umeme ukikatika na kurudi, mashine inajiwasha na skripti yangu ya zamani inafungua programu. Ndani yake kuna LC_ALL=C, niliyoiandika sijui kwa nini, labda niliiiga mahali. Siku hizo gramu zote zipo. Lakini Ya Mado akiifunga na kuifungua tena kwa aikoni, inaamka na Kifaransa. Kwa hiyo wakulima walikuwa wanalipwa haki yao umeme ukikatika. Umeme ukiwa mzuri... wee acha. Na nyumbani kwangu ningejaribu mwaka mzima nisione kitu, laptop yangu iko kwa Kiingereza.

Nimeshaitengeneza. LC_ALL=C kwenye aikoni sikutaka, maana Papa Depo anadai koma yake kwenye risiti. Nimeondoa atof pale tunaposoma mizani, nimeweka g_ascii_strtod, yenyewe haijali lugha ya mashine. Kijana amerudi kazini. Nilimnunulia daftari, amelipokea kwa mikono miwili, na kesho yake nikamkuta na kartoni.

Ila zile gramu, Fiston. Papa Depo anasema yaliyopita yamepita, deni la kompyuta si deni lake. Kartoni zipo, lakini si za siku zote, na wengine wameshauza na kurudi vijijini. Nikifikiri kwamba mimi ndiye niliyeweka madirisha yale, na nikanyamaza kijana alipofukuzwa... Basi.

Sasa wewe. Ile nakala mnayopimia kahawa huko, mliitia madirisha au bado ni nyeusi? Inafunguliwa na nani asubuhi, kwa mkono au inajifungua? Bei inasomwa kutoka kwenye faili, sivyo? Kama ni ya dola na senti, 1.50 inageuka 1, na hiyo si gramu tena. Unaweza kuandika locale, amri ya kuonyesha mpangilio wa lugha, kwenye mashine ile na kunitumia kinachotoka? Upime pia gunia moja mwenyewe, kwa macho yako. Na Mama, bado yuko Kadutu, hapo Bukavu? Habari za huko zinatufikia vipande vipande, hatujui tushike ipi. Yule wa Nguba alikujibu? Na unafikiri nimwambie nini Papa Depo kuhusu feza za wale wakulima, au niwatafute mwenyewe kwanza?

Ni mimi,
Trésor