Zuhura, hiyo Kemia ifute

Columbus, Ohio, 23 Aprili 2014

Mwanangu Zuhura,

Nimerudi kazini saa kumi na mbili unusu, wewe bado umelala. Karatasi yako ya mitihani ya Juni, ile SAT ya somo mojamoja ya kuombea vyuo, nimeikuta mezani chini ya kikombe. Umeandika Hisabati ile ya Level 2, Baiolojia, Kemia. Hiyo Kemia umeifuta ukaiandika tena, ukaifuta ukaiandika, mpaka karatasi imetoboka.

Kemia uliisoma mwaka jana, mama. Baiolojia unaisoma sasa, bado ya moto. Maswali 85 kwa saa moja, na kikokotoo hawakuruhusu, utayakumbuka lini hayo ya mwaka jana? Ukikosea wanakata robo alama, ukiacha wazi hawakati. Lakini wewe nakujua, huachi kitu wazi, utabahatisha.

Tena najua Kemia hiyo imetoka wapi. Imetoka kwa baba yako, kila akipiga simu ni "daktari wangu, daktari wangu." Na kwangu pia imetoka, nisijisafishe. Mimi fomu yangu ya kidato cha tano aliijaza babu yako kwa mkono wake: PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nilikuwa nataka HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza. Fizikia ikanichapa miaka miwili, na matokeo yalipobandikwa babu yako alikwenda kuyasoma, akarudi, akala wali wake hakusema neno. Mpaka leo hatujalizungumza.

Udaktari wenyewe hapa Marekani husomi mpaka umalize shahada ya kwanza. Kemia utakutana nayo huko chuoni, utashiba. Vyuo ulivyonionyesha vinataka mitihani miwili, nimezisoma kurasa zao mara mbili usiku kazini, wazee ninaowatunza wamelala.

Basi weka Fasihi. Ile haina orodha ya vitabu vya kukariri, wanakupa shairi au kipande cha riwaya palepale, unasoma, unajibu. Juzi si ulinisomea shairi hapa jikoni, ukasimama katikati kunieleza kwa nini mstari umekatwa pale, mpaka mchuzi ukaungua? Sikukugombeza. Hisabati iache ilivyo, ile hata ukikosa maswali machache unaweza kupata 800 kamili, alama ya juu kabisa.

Kwenye Baiolojia utachagua E au M siku ileile. Maswali 60 ni ya wote, 20 ya mwisho ndiyo yanatofautiana: E ni mazingira, M ni mambo ya seli. Rafiki zako wote wanasema M, eti ndiyo ya madaktari. Sasa nani alikaa kwenye mikoko Bagamoyo tangu asubuhi, maji yakajaa mpaka magotini, anahesabu kaa? Bibi yako alikutafuta mpaka sokoni. Ila fanya mazoezi ya zote mbili kwanza, usinisikilize mimi tu.

Uliniuliza mbona Kiswahili hakimo. Nimetazama tena. Kipo Kijapani, Kikorea, Kiebrania, hata Kilatini ambacho hakuna anayekizungumza sokoni. Chetu hakimo. Nimekasirika kidogo, halafu nikacheka, maana ungekifanya ungetukosea ngeli tukaaibika.

Ada usimwombe baba yako. Mwone mshauri wa shule leo, ana fomu za msamaha wa ada kwa wenye kipato kama chetu, na usione haya, zimewekwa zitumike. Nenda kabla ya chakula cha mchana, baadaye huwa hapatikani.

Chapati ziko kwenye oveni. Kile kitabu cha mazoezi kinarudi maktaba kesho, na ukurasa ulioumwagia chai nimeuanika dirishani. Usiufunge bado haujakauka.

Mama yako